Tepe Nne, Ncha Kumi na Sita

Nyota ninayotaka kuizungumza leo haina gundi, haina uzi, haina pini. Ni tepe nne za karatasi, zenye upana mmoja na urefu mmoja, zilizosukwa na kukunjwa mpaka zikashikana zenyewe. Ikikamilika ina ncha 16: nane bapa zinazozunguka ukingo, na nane zilizosimama, nne mbele na nne nyuma. Ukiivuta haiachii, ukiiangusha haifumuki. Wajerumani huiita Fröbelstern, nyota ya Fröbel, na Krismasi ikikaribia huitundika kwenye madirisha na miti yao.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga. Nyota hii imebeba jina la mtu aliyeianzisha kazi ninayoifanya, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiikunja na kuifundisha: kwa walimu wenzangu, kwa watoto wakubwa wa mtaani, kwa wazazi wanaokuja kuwachukua watoto na kukuta meza imejaa vipande vya karatasi. Kila ninapoifundisha nazidi kuamini jambo moja, kwamba chekechea ilianzia kwenye vidole, na tulipoipokea huku kwetu tuliacha vidole nyuma.

Lakini tuanze na karatasi, maana hapo ndipo nyota nyingi hufia.

Urefu wa utepe uwe kama mara 30 ya upana wake. Utepe wa sentimita 1.5 unataka urefu wa sentimita 45. Kama huna ila karatasi ya A4, ikate kwa upande wake mrefu, kila utepe sentimita 1. Karatasi hiyo ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo utapata tepe 21: nyota tano, na utepe mmoja wa akiba. Nyota itakayotoka itakuwa na kama sentimita 4 kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu mraba wa katikati huchukua upana wa tepe mbili, na ncha za kila upande huongeza upana wa utepe mmoja. Anayeanza namshauri atafute karatasi ndefu zaidi, akate tepe za sentimita 2 kwa 60. Vidole vya mtu mzima havioni raha kwenye utepe wa sentimita moja.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi inafaa sana. Karatasi ya daftari ni laini mno, ncha za juu hujilaza. Manila ni nene, mkunjo wake hupasuka rangi, na tabaka zikishakuwa tatu nne hakuna tena mahali pa kupenyeza kitu. Ninayoipenda kuliko zote ni kalenda ya ukutani iliyopitwa na mwaka, ile ya karatasi ya kung'aa ambayo wengi hufunikia madaftari ya shule. Ni ndefu, ina uzito wa kutosha, na kule kung'aa kunaifanya iteleze vizuri inapopita chini ya mkunjo mwingine. Nyuma yake kuna weupe, na weupe huo hutokeza hapa na pale kwenye nyota kwa namna ambayo huwezi kuipanga. Naipenda hiyo pia.

Katia rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi, si mkasi. Mkasi huyumba. Na utepe mmoja ukizidi wenzake kwa milimita moja tu, hutaligundua hilo mwanzoni. Utafanya kila kitu sawa mpaka karibu na mwisho, ndipo ule mpana utakapogoma kuingia kwenye nafasi yake. Ndiyo maana mtu akikaa nami mezani, kazi yake ya kwanza ni kukata, na hakunji chochote mpaka tepe zake zote nne zikilazwa moja juu ya nyingine zionekane kama moja.

Friedrich Fröbel alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye misitu ya Thuringia, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Akiwa kijana wa miaka 15 hivi alipelekwa kujifunza kazi kwa mtunza misitu, na baadaye, kuanzia 1808 hadi 1810, alikaa Yverdon, Uswisi, kwa Pestalozzi, mwalimu aliyekuwa akisema watoto waanze na vitu vyenyewe kabla ya maneno. Sehemu ya maisha yake ninayoirudia mara nyingi kichwani ni ile ya Berlin. Baada ya vita dhidi ya Napoleon alifanya kazi kwenye makumbusho ya madini, chini ya Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele. Siku nzima alikuwa akishika na kupanga mawe ambayo yamejijenga yenyewe kwa kanuni: uso huu unalingana na ule, pembe hii hurudiwa pale.

Alipokuja kushughulika na watoto wadogo, hakuyasahau mawe yale. Mwaka 1837 alifungua taasisi yake Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten. Vifaa alivyowatengenezea watoto aliviita zawadi. Ya kwanza ni mipira sita laini ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ni maumbo ya mbao: tufe, mchemraba na silinda. Ya tatu ni mchemraba unaogawanyika kuwa michemraba midogo minane. Pamoja na zawadi alipanga kazi za mikono: kutoboa, kushona, kukata, kufinyanga, kukunja karatasi, na kusuka karatasi. Hizo kazi za karatasi ndizo zilizoifanya nyota hii iitwe kwa jina lake.

Katika kukunja, mtoto hupewa mraba mmoja. Akiukunja katikati anapata mistatili miwili iliyo sawa. Akiukunja kona kwa kona anapata pembetatu mbili. Kutoka hapo Fröbel alimwongoza kwenye njia tatu: maumbo ya maisha, yaani nyumba, mashua, kiti, maumbo ya maarifa, yaani nusu, robo, pembe, na maumbo ya uzuri, yale yanayotoka kwenye kitovu na kujirudia kila upande kwa usawa. Nyota ni ya kundi hili la tatu. Ila ukiikunja kwa makini utaona makundi mengine mawili yamo ndani yake. Kila tendo hufanywa mara nne, na kila baada ya tendo unaizungusha robo. Ukimaliza nne unapindua, unafanya nne za nyuma. Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno "robo" atakuwa ameizungusha robo mikononi mwake mpaka vidole viijue.

Wenye msimamo mkali watasema hii si origami, ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, kwa kuwa origami safi ni mraba mmoja usiokatwa. Sina ugomvi nao. Nyota hii ni ya ukoo wa kusuka kuliko wa kukunja, na hilo ndilo lililonivuta.

Jirani yangu mmoja ni bibi anayesuka ukili wa mikeka. Mchana akishamaliza shughuli zake hukaa barazani na kitita cha miyaa, yale majani ya kusukia, pembeni, mkono unakwenda wenyewe huku akiongea na wapita njia. Nilimpelekea nyota siku moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini hicho?"

Akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena. Hakusema ni nzuri. Aliuliza, "Mwanzo wake uko wapi?"

Wengine wote niliowahi kuwaonyesha nyota ile waliuliza inafanywaje, au inauzwa bei gani. Msukaji anataka kujua mwanzo uko wapi, kwa sababu akishaupata anaweza kuifumua kwa macho. Nilimpa tepe nne. Nikaanza kumweleza namna zinavyofungana, naye alikuwa tayari anazifunga, akasimamisha mkono mara moja tu kutazama ile yangu. Mraba ulikaza vizuri kuliko wangu. "Karatasi haina maji," akasema. "Mwaa ukiulowesha unakutii. Hii inakumbuka kila kosa." Ni kweli tupu. Ukiukunja utepe wa karatasi mahali pasipo pake, alama ile haifutiki.

Basi nitaeleza na hapa namna mwanzo huo unavyofungwa, ingawa kwa maneno ni kazi ngumu kuliko kwa mkono.

Kunja kila utepe katikati, miisho yake miwili ikutane. Ikate miisho hiyo mshazari ili iwe na ncha ya kupenyea. Sasa kila utepe una kitanzi upande mmoja, pale ulipokunjwa, na miguu miwili upande wa pili. Siri yote ya mwanzo ni hii: miguu ya utepe wa kwanza inapita ndani ya kitanzi cha wa pili, miguu ya wa pili ndani ya kitanzi cha wa tatu, ya wa tatu ndani ya kitanzi cha wa nne, na ya wa nne inarudi kuingia kwenye kitanzi cha wa kwanza. Kila mmoja amemshika mwenzake na mwenyewe ameshikwa. Vuta miguu taratibu, kidogo huku kidogo kule, mpaka katikati pabaki mraba mmoja wenye miraba minne midogo. Usivute utepe mmoja mpaka mwisho kabla ya wengine. Mraba utakwenda upande.

Hapo kila upande wa mraba umetoa miguu miwili, mmoja juu ya mwingine. Chukua mguu wa juu, ukunje ulale juu ya mraba. Zungusha robo, kunja wa pili. Zungusha robo, kunja wa tatu. Zungusha robo, kunja wa nne, na huu usiuache juu: upenyeze chini ya ule wa kwanza, ukaze. Sasa una mraba mnene zaidi, na miguu miwili ya kila upande haiko tena juu kwa juu. Iko bega kwa bega.

Sasa ncha bapa. Miguu ya upande mmoja ielekee juu, mbali na wewe. Shika ule wa kushoto. Ukunje mshazari kwenda nyuma, uelekee kulia. Ukunje mshazari tena, ushuke kuja kwako. Umepata pembetatu yenye ncha juu. Ifunge hiyo pembetatu katikati, nusu ya kulia ilale juu ya nusu ya kushoto, na utepe uliobaki utaangukia wenyewe juu ya mraba mdogo ulio chini yake. Mraba huo ni mfuko. Chomeka, vuta, bana. Zungusha robo, rudia. Zikitimia nne, pindua nyota na ufanye nne za nyuma kwa mtindo uleule. Ukitazama kutoka juu utaona nyota ya ncha nane, na wengi hudhani kazi imekwisha.

Kumbe bado ncha nane za juu, na hizo ndizo nyota yenyewe. Hapa unaacha kukunja. Utepe unaotokea karibu na katikati unauinua, unaugeuza ujipinde nusu mzunguko bila kuuvunja, upande wake wa nyuma ukutane na uso wa nyota, halafu mwisho wake unauingiza kwenye ule mfuko wa katikati. Utapita chini kwa chini na kutokeza kwenye ncha bapa iliyo mbele yake. Unavuta polepole. Pinda lile linajikusanya, linasimama, linakuwa mfano wa pia ya kuchezea, ndogo, yenye mdomo mkali. Usilikandamize hata kidogo. Vidole vyote vya mtu vimezoea kubana tangu mwanzo wa kazi, na sasa vinaombwa visibane. Nimewaona watu wazima wakishusha pumzi hapo. Nne mbele, pindua, nne nyuma, kisha miguu iliyobaki unaikata sambamba na ukingo wa ncha. Wapo Wajerumani wanaoichovya kwenye nta iliyoyeyushwa na kuinyunyizia unga wa kumeta. Mimi naiacha karatasi ionekane karatasi.

Bibi alizikubali ncha bapa mara moja. Za juu aliniambia nirudie, polepole, akitazama mikono yangu bila kutazama nyota. Kisha akafanya. Hatukusemezana neno muda huo wote, na ninadhani maneno yangetuchelewesha. Wajapani walilihangaikia jambo hili kwa njia yao: Yoshizawa Akira alichapisha mwaka 1954 utaratibu wa mishale na mistari ya nukta na vistari, ili mkunjo uweze kusomwa na mtu wa lugha yoyote. Utaratibu huo, ulioendelezwa baadaye na wenzake wa Marekani na Uingereza, ndio unaotumika duniani kote hadi leo. Lakini hata mshale hauwezi kukuambia uache kubana. Hilo huonwa kwenye mkono wa mtu.

Japani na Fröbel walikutana mapema, na kisa hiki kinanifurahisha sana. Mwaka 1876 chekechea ilifunguliwa kwenye chuo cha ualimu cha wanawake cha Tokyo. Mwalimu wake mkuu alikuwa Clara Matsuno, Mjerumani aliyeolewa na Mjapani, na alikuja na mafunzo ya Fröbel. Alifika nchi ambayo watu wake walikuwa wakikunja karatasi kwa karne nyingi: mapambo ya sherehe, korongo, vyura, mashua. Mikunjo ya Kijerumani na ya Kijapani ikaingia darasa moja, kwenye miraba ya karatasi za rangi. Wajapani hawakuambiwa waache ya kwao ili wapokee chekechea. Yao ilikuwa na nafasi mezani tangu siku za mwanzo.

Huko nyumbani kwake Fröbel mambo yalikuwa magumu. Agosti 1851 serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, ilipiga marufuku chekechea, ikizituhumu kueneza ukafiri na ujamaa, na katika kufanya hivyo ikamchanganya yeye na mpwa wake Karl Fröbel, aliyekuwa na maandishi ya siasa. Mzee alifariki Juni 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860. Walioibeba kazi yake katika miaka hiyo walikuwa zaidi wanawake aliowafundisha au waliofundishwa na wanafunzi wake. Bertha von Marenholtz-Bülow alizunguka Ulaya akiitetea. Margarethe Schurz alifungua chekechea ya Kijerumani Watertown, Wisconsin, mwaka 1856, sebuleni kwake. Kwenye kaburi la Fröbel, huko Schweina, limesimamishwa jiwe lenye mchemraba, silinda na tufe, zawadi ile ya pili.

Marekani nyota yetu ilipata majina mengine. Wapo wanaoiita nyota ya Moravian, na jina hilo linahitaji uangalifu, kwa sababu Wamoravian, waumini wa kanisa la Moravian, wana nyota yao ya karatasi ambayo ni kitu kingine. Ile ilianzia kwenye shule ya Wamoravian huko Niesky, Saxony, katika karne ya 19, kama zoezi la jiometria kwa wavulana. Ni umbo la nyuso 26. Nyuso 25 hubeba pembe ndefu, 17 zenye pande nne na 8 zenye pande tatu, na uso mmoja huachwa kwa ajili ya kutundikia na kuingizia taa. Pieter Verbeek alianza kuziuza kwenye duka lake la vitabu mnamo 1880, na mwaka 1897 kiwanda kikafunguliwa Herrnhut. Hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nyota mbili, za nchi moja, zote zinafungamana na kazi za mikono za watoto. Na Wamoravian haohao walifika Rungwe mwaka 1891. Wasomaji wangu wa Mbeya na Tukuyu hawahitaji kuelezwa kanisa hilo ni lipi.

Natamani tungefanya kama Tokyo. Watoto wetu wa Pwani hukua wakitengeneza saa na miwani kwa majani ya mnazi. Wanajua kuchana, kupitisha juu, kupitisha chini, kukaza. Halafu wanafika chekechea wakiwa na miaka minne, na kitu cha kwanza tunachowapa ni penseli na daftari, waandike safu ya "a" mpaka chini. Mzazi jioni anafungua daftari kuona wameandika nini leo, na daftari likiwa tupu anapata wasiwasi. Siwalaumu wazazi. Daftari ndilo wanaloliona, na ada wameilipa kwa shida. Lakini nimekaa na watoto hawa mwaka hadi mwaka, na nasema kwa uhakika wa anayewatazama kila siku kwamba mtoto aliyepewa mkeka wa karatasi kabla ya penseli hushika penseli vizuri zaidi.

Mkeka wa karatasi ni ile kazi ya kusuka aliyoipanga Fröbel, na ndiyo ninayowapa wa umri huo, maana nyota ni ya watoto wa miaka minane na kuendelea. Unachukua mraba wa karatasi, unauchana mistari bila kufika ukingoni, kisha mtoto anapitisha tepe za rangi nyingine: juu, chini, juu, chini. Safu ya pili lazima ianze kinyume cha ya kwanza, la sivyo utepe unateleza na kutoka. Hakuna haja ya mwalimu kusema umekosea. Mkeka unasema. Mtoto anarudi, anatazama, anatafuta mahali alipopitisha juu mara mbili. Hapo anafanya hesabu: ruwaza, kupishana, shufwa na witiri, kabla hajaweza kuandika tarakimu. Baada ya muda wapo wanaouliza kama wanaweza kupitisha juu mbili, chini moja. Swali hilo likija najua mtoto huyu amevuka. Wasukaji wa ukili wamekuwa wakiliishi swali hilo maisha yao yote, ndiyo maana kuna mikeka yenye nakshi ambazo ukizitazama kwa muda unaanza kuona hesabu ikitembea.

Ninachoomba, na ninakiomba kwa walimu wenzangu kabla ya wizara au mtu mwingine yeyote, ni kwamba wasukaji hawa waingie darasani. Bibi wa barazani aje Ijumaa na miyaa yake. Asipewe dakika tano za "utamaduni wetu" halafu akaondoka. Apewe meza, watoto wamzunguke, asuke nao kutwa. Vifaa vya chekechea vinavyouzwa kwa bei kubwa mijini vinafanya kazi ambayo ukindu huifanya kwa bei ndogo mno, tena kwa watoto ambao nyumbani tayari wana wa kuwaongoza.

Tumeanza kulijaribu hili na bibi, na kazi ya sasa ni kuisuka nyota kwa jani. Kuti bichi la mnazi lina bahati njema: ukiondoa uchelewa wa katikati, kila nusu ya jani hukupa utepe unaokaribia vipimo vilevile vya karatasi, sentimita 1.5 kwa 45, ukichagua majani ya katikati ya kuti. Tatizo lake ni kwamba jani hupungua upana kuelekea nchani, kwa hiyo lazima ulisawazishe kwa wembe kwa urefu wote. Jingine ni kwamba jani bichi likikauka hujikunyata, mraba wa katikati unalegea, na ncha za juu zinaanza kucheza. Miyaa iliyokwisha kukaushwa, ikaloweshwa kidogo kabla ya kusuka, haina tabia hiyo, lakini ni myembamba. Nyota yake hutoka ndogo kama kifungo cha koti. Bibi anasema tujaribu kuti lililoanikwa siku kadhaa kivulini, likunjwe likiwa na unyevu wa kitambaa tu, na tepe zipakwe rangi ya mikeka kabla ya kukatwa, zambarau na kijani. Makuti yameanikwa nyuma ya darasa. Watoto wa mchana wameagizwa wasiyachezee, na tayari mawili yamekuwa saa.